Kuutengeneza Upya Mwongozo wa Git kwa Anayeanza: Pa Kuanzia Ni Pale Anapokwama

Kwa miaka mingi ukurasa wa msaada wa amri ya `git push`, inayotuma kazi kwenye seva, umefunguka kwa sentensi ya Kiingereza ambayo, ikiwekwa kwa Kiswahili, husema kwamba amri hiyo husasisha marejeo ya mbali pamoja na vitu vinavyoambatana nayo. Anayeifahamu Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, hataona kosa hata moja ndani yake. Aliyeiweka programu hiyo jana jioni, na ambaye haja yake ni kwamba mwenzake aione kazi aliyoifanya, hana pa kushika: hajui rejeo ni kitu gani, hajui "vitu" vinavyotajwa ni vipi, na "mbali" kwake ni neno la safari. Ataufunga ukurasa, atauliza kwenye kundi la WhatsApp, atapewa amri ya kunakili, na kama amri hiyo ina neno `--force` ndani yake, huenda ikaifuta kazi ya huyo mwenzake katika hifadhi (repository) wanayoitumia pamoja.

Maelezo yafuatayo ni kwa yule aliyepewa, au aliyejipa mwenyewe, kazi ya kuutengeneza ukurasa wa namna hiyo, uwe ni mwongozo wa ndani wa ofisi, maelezo ya wanafunzi wa chuo, au kurasa za msaada za programu yenyewe. Mifano yote nimeichukua kwenye Git, kwa sababu ndiyo programu ya kudhibiti matoleo ambayo wengi hukutana nayo kwanza, ingawa anayeandikia watumiaji wa Mercurial au Subversion ataona kwamba njia ni ile ile. Jambo ninalolishikilia ni kwamba mwongozo wa anayeanza hutengenezwa kutokea pale msomaji anapokwama. Mpangilio unaofuata sehemu za programu, amri baada ya amri, humfaa anayeijua tayari na anayetaka kukumbushwa tu.

Kwa nini kurasa ziko hivyo

Kabla ya kuulaumu mwongozo uliopo, ni vyema kujua ulikotoka. Linus Torvalds aliianza Git mwezi wa Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa kerneli ya Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia BitKeeper, programu ya kudhibiti matoleo waliyoitegemea, bila malipo, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akamkabidhi Junio Hamano uangalizi wake. Watumiaji wa kwanza walikuwa watu waliozoea kutumiana viraka (maandishi yanayoonyesha mistari iliyobadilishwa katika msimbo) kwa barua pepe, na walichohitaji kuelezwa ni jinsi programu inavyoziweka data zake. Kurasa za mwanzo ziliandikwa kwa ajili yao, na kurasa zilizofuata zikarithi sauti hiyo hiyo.

Urithi huo unaonekana wazi kwenye majina. Mahali ambapo mabadiliko hukusanywa kabla ya kurekodiwa kwa `git commit` pana majina matatu katika kurasa za Git: kuna panapoitwa indeksi, kuna panapoitwa kache, na kuna panapoitwa eneo la maandalizi. Amri za `git diff --cached` na `git diff --staged` hufanya kazi moja bila tofauti yoyote, lakini ukienda kwenye `git apply` utakuta kwamba `--cached` hugusa eneo la maandalizi peke yake, ilhali `--index` hugusa eneo hilo pamoja na faili zilizo mbele yako. Mwandishi wa mwongozo hana uwezo wa kuyafuta majina hayo. Anachoweza ni kuchagua moja, kulitumia kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kuyataja mengine mara moja tu ili msomaji asishtuke atakapoyakuta kwingine.

Isitoshe, si kila kilichopo ni kibaya. Andika `git help -g` na utapewa orodha ya miongozo inayokuja na programu, nayo husomeka bila intaneti, jambo ambalo si dogo kwa anayenunua bando la siku. Mmoja wapo, unaofunguliwa kwa `git help everyday`, umeigawa orodha ya amri kufuatana na msomaji: anayefanya kazi peke yake, anayeshiriki na wenzake, anayekusanya kazi za wengine, na anayesimamia hifadhi. Mgawanyo huo ni wa kuigwa. Usianze kuandika upya kabla ya kuusoma, maana mara nyingi utagundua kwamba jibu lipo ila limewekwa mahali ambapo anayeanza hafiki.

Mtafute msomaji mmoja, umpe kazi moja

Neno "anayeanza" ni pana mno kuandikiwa. Mhasibu anayetaka kuhifadhi matoleo ya hati zake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mtengenezaji wa tovuti aliyekuwa akinakili folda nzima na kuiita "mwisho-kabisa-2" ni watu watatu wanaokwama mahali patatu. Mchague mmoja. Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kuipata hifadhi ya timu, kubadilisha mstari mmoja katika faili, na kuurudisha mstari huo mahali ambapo wenzake watauona. Kisha keti kando yake na mwongozo ulionao, mkiwa na kompyuta moja, na unyamaze.

Kunyamaza ndiko kugumu. Mwenye ujuzi akiona mkono wa mwenzake ukisita juu ya kibodi huona kama ni ukosefu wa adabu kutomsaidia, hasa kama huyo mwenzake ni mtu mzima au ni mkubwa wake kazini. Mweleze mapema kwamba unaoufanyia mtihani ni ukurasa, kwamba yeye hapimwi, na kwamba kila atakaposita atakuwa amekusaidia. Mwombe asome kwa sauti na aseme anachodhani kitatokea kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingiza. Wewe andika mambo mawili tu: sentensi aliyokuwa akiisoma aliposita, na maneno aliyoyasema kwa kinywa chake. Usiandike unachodhani alikosea, kwa sababu hapo utakuwa umeanza kuutetea ukurasa.

Kompyuta yenyewe iwe ngeni. Mashine ya mwandishi huwa imewekwa sawa tangu miaka mingi iliyopita, na kwa hiyo mwandishi haoni tena makosa ambayo kila mgeni huyaona siku ya kwanza. Fungua akaunti mpya kwenye kompyuta, au katika Linux elekeza `HOME` kwenye folda tupu, ili mipangilio yako ya zamani isisomwe. Hapo mara nyingi utaona `git commit` ikigoma na kusema "Please tell me who you are", kwa sababu jina na anwani ya barua pepe havijawekwa. Utaona pia kwamba ukiiandika amri hiyo bila `-m`, chaguo la kuandika ujumbe wa rekodi papo hapo, programu hufungua kihariri cha maandishi, na katika mashine nyingi kihariri hicho ni vi, ambacho mgeni hajui hata namna ya kukitoka. Nimemwona kijana mwerevu akiifunga kompyuta nzima kwa kitufe cha umeme ili aondoke humo, na mwongozo aliokuwa nao, ambao niliuandika mimi, haukuwa na neno lolote juu ya jambo hilo.

Dawa yake ni sentensi tatu. Waonyeshe `-m` tangu mfano wa kwanza. Waambie kwamba wakijikuta ndani ya vi wabonyeze Esc, waandike `:q!` na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Kisha waambie kwamba kutoka bila ujumbe huahirisha kurekodi tu, wala hakuna faili iliyoguswa. Sentensi hiyo ya tatu ndiyo ambayo waandishi wengi huiacha, ingawa ndiyo inayomtuliza msomaji.

Eleza hali, kisha ndipo utoe amri

Ukiisoma orodha ya makwamo uliyoikusanya, utaona kwamba yanaangukia katika mafungu machache: neno lisiloeleweka, hatua iliyorukwa, hatua iliyopitwa na wakati, na msomaji kutojua hifadhi yake iko katika hali gani. Mafungu matatu ya kwanza hurekebishwa haraka. La nne ndilo linalostahili muda wako, kwa sababu amri ile ile ya Git hutoa matokeo tofauti kabisa kulingana na hali iliyoikuta.

Chukua ujumbe wa `git status` unaosema kwamba tawi lako, yaani mfululizo wa rekodi unaoufanyia kazi, "is up to date with 'origin/main'". Anayeanza huuelewa kuwa Git imekwenda kuangalia kwenye seva na kukuta hakuna jipya. Ukweli ni kwamba amri hiyo haikwenda popote. Imelinganisha tawi lako na picha ya seva iliyochukuliwa mara ya mwisho ulipoendesha `git fetch`, `git pull` au `git push`, ambayo huenda ikawa ni wiki iliyopita. Mwenzako anaweza kuwa ametuma rekodi 20 tangu hapo na ujumbe usibadilike. Ukurasa ambao haulielezi jambo hili humjengea msomaji imani itakayomgharimu siku ya kwanza atakapofanya kazi na mwenzake, na sentensi moja ingetosha: ujumbe huu unahusu mara ya mwisho ulipowasiliana na seva, kwa hiyo endesha `git fetch` kwanza kama unataka kujua hali ya sasa.

Tazama sasa jinsi aya nzima inavyobadilika ikiandikwa kwa kuanzia kwenye hali. Aya ya kawaida ingesema hivi: "Amri ya `git pull` huleta mabadiliko kutoka hifadhi ya mbali na kuyaunganisha katika tawi la sasa." Nami ningeiandika hivi:

"Tumia `git pull` unapotaka kazi ambayo wenzako wamekwisha kuituma iingie katika nakala yako. Kabla ya kuiandika, endesha `git status`. Kama kuna faili zilizoorodheshwa kuwa zimebadilishwa, zirekodi kwanza. Git itafanya mambo mawili mfululizo: itapakua rekodi mpya, kisha itaziunganisha na zako. Ikiwa wewe na mwenzako mmebadilisha mistari ile ile, itasimama na kukuambia kwamba kuna mgongano. Rekodi zako ziko salama. Ukitaka kurudi ulikokuwa kabla ya kuunganisha, andika `git merge --abort`."

Aya ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, na sioni aibu kwa hilo. Ufupi wa mwongozo hupimwa kwa muda ambao msomaji anautumia hadi kazi yake ikamilike, na aliyesoma mstari mmoja kisha akapoteza saa nzima hakusoma kitu kifupi.

Hata hivyo aya hiyo ilikuwa na kosa nilipoiandika mara ya kwanza, na sikuligundua hadi nilipoijaribu katika akaunti tupu. Tangu toleo la 2.33, la Agosti 2021, `git pull` hukataa kuendelea ikiwa nakala yako na ya seva kila moja ina rekodi ambazo nyingine haina, mpaka useme unataka ziunganishwe kwa njia gani. Mashine yangu ilikuwa imeambiwa zamani, kwa hiyo haikuniuliza. Mwongozo wa anayeanza unahitaji basi, katika sehemu ya maandalizi, agizo la kufanywa mara moja tu, `git config --global pull.rebase false`, pamoja na maelezo kwamba hapo tumechagua kuunganisha kwa kawaida na kwamba timu nyingine huchagua njia tofauti.

Kosa la namna hiyo halionekani na mtu anayejaribu peke yake, kwa kuwa linahitaji watu wawili waliotengana. Habari njema ni kwamba watu hao wawili unaweza kuwatengeneza kwenye kompyuta moja, bila seva na bila intaneti:

git init --bare kituo.git
git clone kituo.git kwangu
git clone kituo.git kwako

Folda ya `kituo.git` hukaa mahali pa seva, na `kwangu` na `kwako` ni nakala za wafanyakazi wawili. Git itakuonya kwamba umenakili hifadhi tupu. Mwambie msomaji mapema kwamba ndivyo inavyotakiwa. Anzia `kwangu`: tengeneza faili, irekodi, itume, kisha ivute `kwako`. Halafu badilisha mstari mmoja pande zote mbili, urekodi pande zote, utume kutoka `kwako`, kisha ujaribu kutuma kutoka `kwangu`. Utapata `! [rejected]` na maneno "fetch first", na hapo ndipo mahali pa kumfundisha msomaji kwamba Git imekataa ili kuilinda kazi ya mwenzake, kwamba atakiwacho ni kuvuta kwanza, na kwamba `--force` aliyoelekezwa na rafiki huondoa ulinzi huo huo. Zoezi hili naliona kuwa bora kuliko mchoro wowote wa vishale na duara, na ningeshauri kila mwongozo ulibebe karibu na mwanzo, kabla hata ya sura ya matawi.

Ukurasa wa kuokoa

Kuna ukurasa mmoja ambao anayeanza huusoma akiwa na jasho usoni, nao ndio ule unaomwambia afanye nini baada ya kuharibu. Miongozo mingi huuweka mwisho, au haiuweki kabisa. Uandike mapema, na uupange kwa ujumbe ambao msomaji anauona kwenye skrini, herufi kwa herufi, bila kuutafsiri, kwa sababu ndio atakaounakili kwenye kisanduku cha kutafutia. Chini ya kila ujumbe eleza kwa Kiswahili maana yake, jinsi alivyofika hapo, na hatua ya kutoka.

Ujumbe wa "fatal: not a git repository" karibu kila mara una maana kwamba amesimama kwenye folda isiyo yake, aende kwenye folda sahihi, na asikimbilie `git init`, ambayo ingemwanzishia hifadhi ya pili mahali pasipotakiwa. Ujumbe wa "detached HEAD" hutisha kwa jina lake tu: amesimama juu ya rekodi moja badala ya kusimama kwenye tawi, na rekodi mpya atakazoziweka hapo hazitakuwa na jina la kuzishika, hivyo azipe jina kwa `git switch -c` kabla hajaondoka. Faili iliyoandikwa ndani ya `.gitignore`, orodha ya faili za kupuuzwa, na bado inaendelea kufuatwa ni kwa sababu ilikwisha kurekodiwa zamani. Amri ya `git rm --cached` huiondoa kwenye ufuatiliaji na kuiacha kwenye diski.

Jambo la lazima katika ukurasa huo ni kutenganisha kinachoweza kurudishwa na kisichoweza. Kilichorekodiwa hakipotei kwa urahisi: `git reflog` huonyesha mahali pote ambapo HEAD, yaani alama ya mahali uliposimama, imepita, na kwa mpangilio wa kawaida Git hutunza kumbukumbu hizo kwa siku 90, au siku 30 kwa rekodi ambazo tawi halizifikii tena, ambazo kwa kawaida ndizo mtu anazozitafuta. Mabadiliko ambayo hayajawahi kurekodiwa wala kuongezwa kwa `git add`, yakifutwa kwa `git reset --hard` au kwa `git restore`, Git haina nakala yake. Onyo la namna hii liwekwe juu ya amri. Watu hunakili kwanza na kusoma baadaye, na onyo lililowekwa chini ya amri humkuta msomaji akiwa amekwisha kubonyeza.

Maneno ya Kiswahili

Anayeandika kwa Kiswahili ana kazi ya ziada, na nimeona miongozo mizuri ikiharibika hapa. Mazungumzo ya kazini hayana shida: mtu husema amepush, ameclone, repo imekataa, na wote wanaelewana. Katika maandishi ya anayeanza mambo ni tofauti, kwa kuwa neno lililoandikwa litabebwa na maana zake zote za zamani. Ukiandika "komiti" kwa ajili ya kinachoundwa na `git commit`, kuna wasomaji watakaoona kamati ya harusi. Ukiandika "faharasa" kwa indeksi, msomaji atafikiria kurasa za mwisho za kitabu. Hata "hifadhi", ambalo ndilo ninalolitumia, lina wanyama ndani yake kwa Mtanzania yeyote aliyepita karibu na Serengeti, ingawa hapo maana ya kutunza inasaidia badala ya kupotosha.

Mimi nimechagua "rekodi" kwa kila hatua iliyowekwa, "kurekodi" kwa kitendo chake, "eneo la maandalizi", "tawi", "kuunganisha", "mgongano", na "kutuma" na "kuvuta" kwa safari za kwenda na kutoka kwenye seva. Wewe unaweza kuchagua mengine. La muhimu ni kwamba ukichagua "kutuma" leo usiandike "kusukuma" kesho, na kwamba amri zenyewe zibaki jinsi zilivyo, zikiwa zimetengwa kwa mwandiko tofauti, ili msomaji asijaribu kuandika `git tuma`. Neno "tawi" linahitaji tahadhari: waliozoea tawi la benki au tawi la chama hudhani ni nakala kamili iliyo mahali pengine yenye faili zake. Sema mapema kwamba tawi la Git ni jina linaloelekeza kwenye rekodi moja, na kwamba jina hilo husogea mbele kila unaporekodi.

Kuna jambo jingine linalowahusu wasomaji wa Burundi na Kongo, ambao wengi wao kompyuta zao zimewekwa kwa Kifaransa. Ujumbe wa Git umekuwa ukitafsiriwa katika lugha mbalimbali tangu toleo la 1.7.9 la mwaka 2012, na kwa hiyo msomaji wa Bujumbura anaweza kuona kwenye skrini sentensi ambayo haimo kabisa katika ukurasa wako. Mweleze aandike `LC_ALL=C git status` katika dirisha la amri (kwenye Windows liwe lile la Git Bash linalokuja na Git), na Git itamjibu kwa Kiingereza kile kile ulichokinukuu.

Hatua zilizozeeka

Juu ya kila ukurasa andika toleo la Git ulilolitumia kujaribu, kama linavyotolewa na `git --version`, pamoja na tarehe. Bila hayo, anayekuja baada yako hatajua kama kosa ni la msomaji au ni la wakati. Mifano ya kuzeeka ni mingi. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub, tovuti ambako wengi huweka hifadhi zao, haipokei nywila ya akaunti kwa kazi za Git, hivyo mwongozo wowote unaosema "ingiza nywila yako" humpeleka msomaji ukutani. Inatakiwa tokeni (msimbo wa siri unaotolewa na tovuti hiyo) au ufunguo wa SSH (jozi ya faili inayomtambulisha mtumiaji). Jina la tawi la kwanza limeweza kuwekwa kwenye mipangilio tangu toleo la 2.28 la Julai 2020, na ndiyo sababu mashine moja humpa mtu `master` na nyingine `main`. Amri ya `git init -b main` huondoa utata huo.

Toleo la 2.23 la Agosti 2019 lilileta `git switch` na `git restore` ili kuigawa kazi ya `git checkout`, ambayo ilikuwa ikibadilisha tawi na pia kufuta mabadiliko ya faili, mambo mawili yenye hatari tofauti kabisa chini ya jina moja. Kwa miaka kadhaa kurasa za amri hizo mpya zilibeba onyo kwamba ni za majaribio, na waandishi wengi wakaziogopa. Kwa maoni yangu hofu hiyo iliwagharimu wanafunzi. Mfundishe anayeanza zile mpya, na umtajie `git checkout` mara moja tu, kwa kuwa atakutana nayo katika majibu ya zamani.

Kuyapeleka marekebisho kwenye programu yenyewe

Kama ukurasa unaoutengeneza ni wa Git yenyewe, chanzo chake kimo katika folda ya `Documentation` ndani ya msimbo, kimeandikwa kwa AsciiDoc (mtindo wa kuweka alama kwenye maandishi ili yageuzwe kuwa ukurasa), na marekebisho hupelekwa kama viraka kwa barua pepe kwa orodha ya watengenezaji. Katika folda hiyo hiyo kuna mwongozo wa mchangiaji wa kwanza, unaoitwa `MyFirstContribution`, na programu ndogo ya `doc-diff` inayokuonyesha jinsi ukurasa uliokwisha kuchapwa ulivyobadilika, jambo lenye manufaa kwa sababu nukta moja iliyokosewa katika AsciiDoc inaweza kuigeuza aya nzima. Rekodi yako iwe na mstari wa `Signed-off-by`, ambao `git commit -s` hukuwekea.

Peleka kiraka kidogo: ukurasa mmoja, aya moja au mbili. Anayejaribu kuubadilisha ukurasa mzima kwa mara moja hujikuta akibishana juu ya maneno 40, ilhali alikuwa na uhakika wa manne. Katika ujumbe wa rekodi usiandike kwamba umeboresha lugha, kwa kuwa hakuna anayeweza kulithibitisha wala kulikanusha. Andika ulichokiona siku uliyoketi kimya: msomaji alikuwa akifanya kazi gani, alisoma sentensi ipi, alidhani ina maana gani, na akafanya nini kwa sababu hiyo. Watunzaji wa programu ni watu wanaoijua kwa undani kiasi kwamba hawawezi tena kuisoma kwa macho ya mgeni, na ushahidi wa namna hiyo ndio kitu pekee ulicho nacho ambacho wao hawana.

Kiraka kikikubaliwa, mtafute msomaji mwingine. Yule wa kwanza amekwisha kujifunza, na kukwama kwake hakuwezi tena kukuambia kitu kuhusu aya mpya.